Safari ya Ukoo Bila Usukani: Kutoka Dodoma hadi Bustani za Michezo za Dubai



Mada hii inahusu safari ambayo miaka kumi iliyopita wachache sana hapa Dodoma wangeifikiria: ukoo mzima, bibi na babu kwa wajukuu, kwenda mapumziko ng'ambo kwenye bustani kubwa za michezo, bila hata mmoja wao kushika usukani tangu kufunga mlango wa nyumba hadi kuufungua tena. Nimeichukua Dubai kuwa mfano kwa sababu ndiko Watanzania wengi wanakoanza, na kwa sababu njia ya kufika huko kutokea kwetu imebadilika sana.

Hoja yangu naitaja mapema. Safari ya watu wengi wasio na gari hupangwa kwa kumtazama kwanza yule mwenye mwendo mdogo kuliko wote, kisha umbali wa kitanda chake hadi mlango wa stesheni. Bustani zenyewe zifuate baadaye. Familia nyingi huanza na picha za bustani, wakalipia tiketi za kuingilia, halafu ndipo wanagundua kwamba mama mkubwa hana pasipoti na hoteli iko mbali na treni.

Tuanzie Dodoma

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini ni baada ya 2016, serikali ilipohamia kwa kasi, ndipo mji ulipojaa familia zenye kambi mbili, moja huku na nyingine Dar es Salaam. Kwa safari ya ng'ambo hilo ni jambo la heri. Hadi uwanja wa ndege wa Msalato utakapopokea ndege za masafa hayo, mlango wetu wa kutokea ni uwanja wa Julius Nyerere, na kuwa na ndugu wa kukulaza Dar usiku mmoja ni akiba kubwa.

Tarehe 25 Julai 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Kwa mzee mwenye magoti mabovu au mama mwenye mtoto mchanga, tofauti na basi si muda peke yake, ingawa saa nane na zaidi za barabarani zimekuwa chini ya saa nne kwa treni ya haraka. Ndani ya behewa mtu anasimama, anajinyoosha, anampeleka mtoto msalani bila kumwomba dereva asimamishe gari. Tena basi hukushusha Mbezi Luis, pembezoni mwa jiji, wakati treni inakufikisha katikati, mwendo mfupi kutoka gati la boti za Zanzibar.

Tuchukue familia ya watu 14: watu wazima 8, watoto 4 wenye umri kati ya miaka 4 na 12, na wawili wadogo zaidi ya hapo. Kwa nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa na LATRA mwaka 2024, mtu mzima alilipa shilingi 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na mdogo zaidi hakulipa. Jumla ni shilingi 310,000 kwa kwenda. Kutoka stesheni hadi kwa ndugu, na kesho yake hadi uwanjani, kodini Coaster moja na dereva wake. Teksi nne zinazofuatana zitawatawanya kabla hata hamjavuka TAZARA.

Na msipange kushuka treni na kupanda ndege siku hiyo hiyo. Laleni Dar. Treni ya umeme inategemea umeme, na ndege haimsubiri mtu.

Pasipoti kabla ya tiketi

Hapa ndipo safari nyingi za ukoo zinapokwama, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na mtoto anahitaji yake mwenyewe. Kwa watu 14 hiyo ni shilingi 2,100,000 kabla ya kununua tiketi hata moja ya ndege. Fedha hiyo hailipwi kila mwaka, ndiyo maana nashauri kila kaya igharamie pasipoti zake zenyewe, na mfuko wa pamoja uanze baada ya hapo. Kaya isiyotaka kulipia pasipoti mapema imekwisha kujibu swali la kama itasafiri.

Fedha hata hivyo ni nusu ya kazi. Uhamiaji wanahitaji kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na cheti cha mzazi au kiapo badala yake. Bibi aliyezaliwa kijijini Mpwapwa au Kondoa miaka ya arobaini na hamsini mara nyingi hana cheti, na kumwandalia kiapo kunachukua siku. Kigumu zaidi ni majina. Cheti cha ubatizo kinasema Yohana, kitambulisho cha NIDA kinasema John, cheti cha mtoto wake kinamtaja kwa jina la babu pekee. Karatasi hizo zinapowekwa mezani pamoja, anaonekana kama watu watatu. Kusahihisha kunawezekana, lakini hakufanyiki katika wiki ya mwisho. Kusanyeni nakala za kila mtu mwanzoni kabisa, mzisome herufi kwa herufi, na kazi hiyo apewe kijana mwenye subira.

Kuna la watoto wanaosafiri na shangazi au mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo, lakini afisa wa uwanjani anamtambua mzazi aliyeandikwa kwenye cheti. Waandaliwe barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Viza ya Falme za Kiarabu Mtanzania anaihitaji, na pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita.

Lini twende

Shule zetu hufungwa Juni na Desemba. Juni huko joto hupita nyuzi 40, na kumsimamisha mzee nje kwenye foleni katika hali hiyo si mapumziko. Desemba hali ya hewa ni ya kupendeza, ila bei hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia. Ushauri wangu ni kuondoka mara tu shule zinapofungwa na kurudi kabla ya sikukuu.

Kuhusu ndege, mifumo mingi ya mtandaoni huishia abiria 9 kwa tiketi moja, na kuanzia watu 10 mashirika huwahesabu kuwa kundi. Bei ya kundi hudai malipo ya awali, lakini mara nyingi huruhusu majina kukamilishwa baadaye. Si lazima iwe nafuu kuliko bei ya mmoja mmoja. Ulizeni zote mbili. Mwombeeni bibi kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Huduma hiyo hailipiwi, na wazee wengi wameteseka kwenye korido ndefu za viwanja vya ndege kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba ipo.

Kwa nini tusikodi gari

Najua wapo watakaosema kijana fulani ana leseni, akodi gari. Napinga. Kule huendeshwa upande wa kulia wa barabara, mtoto wa chini ya miaka 4 lazima awe na kiti chake maalumu, malango ya tozo ya barabara, Salik, yanakata fedha kimya kimya, na faini humfuata aliyekodi. Watu 14 hawaenei gari moja, kwa hiyo mtahitaji madereva wawili au watatu, na hao hawatakuwa na mapumziko. Aliyelipa nauli ya kwenda kupumzika asigeuzwe dereva wa ukoo.

Metro ya Dubai ilifunguliwa Septemba 2009, na Mstari Mwekundu unapita kwenye majengo namba 1 na namba 3 ya uwanja wa ndege. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wamekuwa wakilala mtaa wa Deira kwa miaka mingi, na uzoefu wao ni hazina. Ukizungumza Kiswahili katika mitaa ile hushangazi mtu. Mimi napendekeza hoteli ya kawaida karibu na stesheni ya Al Rigga, kwa sababu iko kwenye Mstari Mwekundu na hamtabadilisha treni kufika kwenye sehemu nyingi za michezo. Pimeni umbali kati ya hoteli na stesheni kwa mwendo wa bibi.

Kila abiria anatakiwa kuwa na kadi yake ya nauli, Nol, isipokuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kadi moja haipitishi watu wawili. Kuna behewa la wanawake na watoto, na mwanamume akiingia humo hupigwa faini. Kula na kunywa ndani ya treni nako kuna faini ya dirham 100, hivyo maandazi na chupa za maji zisubiri mpaka nje. Treni huanza saa 11 alfajiri siku nyingi na saa 2 asubuhi Jumapili, na usiku wa manane hakuna huduma. Ndege ikitua saa hizo, hoteli ipewe taarifa mapema iwatumie basi dogo.

Ski Dubai iko ndani ya jengo la Mall of the Emirates, na stesheni imeunganishwa nalo kwa daraja la miguu. Tangu 2005 watoto wa nchi za joto wamekuwa wakigusa theluji humo, na bibi anaweza kukaa nje ya kioo na chai yake akiwatazama. Bustani za Legoland na Motiongate, zilizofunguliwa 2016, ziko mbali zaidi, upande wa Jebel Ali. Mnashuka Ibn Battuta, kisha mnapanda basi. Angalizo hapa: Mstari Mwekundu hugawanyika kwenye stesheni ya Jabal Ali, na treni iendayo Expo haifiki Ibn Battuta. Kundi likigawanyika kwenye treni mbili, hilo ndilo litawapotezea saa nzima. Bustani ya IMG Worlds haina metro kabisa. Kwa siku hiyo kodini basi dogo na dereva, wala msione kuwa mmevunja mpango.

Legoland imekusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na michezo mingi katika bustani zote hupima urefu wa mtoto. Wapimeni nyumbani, mkiwaambia ukweli mapema, maana kilio cha mtoto aliyerudishwa mlangoni hakitulizwi na aiskrimu.

Msitembee watu 14 kwa pamoja siku nzima. Gawaneni makundi matatu, kila moja na mtu mzima mwenye simu, fedha na anwani ya hoteli iliyoandikwa kwenye karatasi, na mkutane saa za kula. Sare ya kitenge tunayoshona kwa harusi inafaa sana hapa, mtoto huonekana kutoka mbali. Wazee nao wapewe siku yao: boti ya abra ya dirham 1 kuvuka hori ya Dubai, masoko ya viungo ya Deira, swala msikitini, au misa katika kanisa la Mtakatifu Maria, Oud Metha. Hawakuja kulinda mikoba.

Fedha na heshima

Dirham imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiasi cha 3.67, kwa hiyo kinachotuyumbisha ni shilingi yetu. Tangu kanuni za Machi 2025, bei za huduma zinazotolewa hapa nchini zinatakiwa kutajwa na kulipwa kwa shilingi. Wakala akikutajia dola, mwombe shilingi na stakabadhi.

Jambo zito ni ndugu asiyemudu. Katika kila ukoo yupo dada mjane au kaka ambaye biashara imeyumba, na huyo hasemi. Anachangia mwezi wa kwanza, wa pili anaahidi, na wiki ya mwisho anasema ameugua. Kundi la ndege linapungua, bei inabadilika, na lawama zinaingia nyumbani. Mtunza hazina aende kwake mapema, ana kwa ana, si kwenye kundi la WhatsApp, amweleze kwamba mfuko umetenga sehemu. Nafasi ya bibi na babu nayo igawanywe kwa watoto wao wote, hata wasiosafiri.

Familia ambayo viza zitachelewa isikate tamaa. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Basi linawafikisha Arusha, mnavuka Namanga bila viza, na kutoka Nairobi treni ya Madaraka, iliyoanza 2017, inawapeleka Mombasa, ambako Nyali kuna Wild Waters yenye mabwawa na mitelezo ya maji. Laleni Arusha na Nairobi, kwa ajili ya wazee. Kwa njia hiyo yote, tena, hakuna wa kwenu atakayeshika usukani.