Kikopo cha Petroli Alfajiri

Wasikilizaji, mwezi wa saba kule milimani Makete nyasi huamka nyeupe kwa sakitu. Saa kumi na moja alfajiri lori limejaa viazi, dereva anazungusha ufunguo, injini inakohoa tu. Ndipo utingo anaambiwa alete petroli.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Kijana kapanda kwenye bampa, kafungua njia ya hewa, anamimina petroli kutoka kwenye kikopo huku stata inapigwa. Moto ulitokea palepale alipoinamia. Nyusi ziliungua, macho, namshukuru Mungu, yalipona.

Injini ya dizeli, kama ya lori lile, haina plagi za cheche. Huishindilia hewa ndani ya silinda mpaka ipite nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Asubuhi ya baridi, chuma kilicholala nje kinaipokonya hewa hiyo joto lake. Oili imekuwa nzito, betri imepungua nguvu, stata inazunguka kwa kujivuta. Petroli, au ile dawa ya kupuliza ya etha, huweza kuwaka mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda. Ringi za pistoni huweza kuvunjika. Na etha ikikutana na plagi ya kupasha joto iliyokwisha kuiva, huweza kulipuka.

Dereva mwenzangu, fungua swichi, usipige stata. Subiri ile taa ya plagi za kupasha joto, yenye umbo la koili, izimike. Baridi ikiwa kali, funga, rudia tena. Kisha piga stata, isizidi sekunde 15. Ikikataa, ipumzishe dakika 2. Ikiwaka usiipigishe resi, oili haijafika kwenye turbo. Na kama breki zako ni za upepo, usiondoke mpaka geji ijae, kwa maana Makete ni miteremko.

Lakini maneno yangu makubwa ni kwako mwenye gari. Kile kikopo hakitoki kwa dereva. Kinatoka kwenye betri iliyochoka tangu mwaka juzi na plagi za kupasha joto ambazo fundi alikwambia zimekufa, ukasema subiri tuuze mzigo huu kwanza. Mzigo umeuzwa mara ngapi tangu siku ile? Nunua betri. Badilisha plagi wiki hii, kabla lori halijapanda tena mlimani.

Nawe utingo, ukiambiwa panda na kikopo, kataa.