Neno kwa Vijana Wetu Wanaotaka Kazi ya Soko la Hisa

 

Nimeombwa niseme na vijana wanaotaka kazi ya kununua na kuuza hisa. Mimi ni mhasibu, lakini mafunzo ya vitendo niliyafanya kwa dalali wa hisa Dar es Salaam, miaka michache baada ya soko letu kuanza mauzo mwaka 1998 na kampuni ya TOL. Wiki ya tatu niliandika oda ya mteja hisa 10,000 badala ya 1,000. Niligundua mwenyewe, karatasi iko njiani kwenda sokoni. Nilitetemeka, kisha nikamwambia bosi. Alifoka kweli kweli, akaizuia. Tangu siku hiyo akaanza kunipa kazi za maana.

Nick Leeson kule Singapore yeye alificha hasara katika akaunti namba 88888. Alikuwa ananunua na kuuza, na hesabu anazisimamia mwenyewe. Mwaka 1995 benki ya Barings ya Uingereza ikafilisika, hasara zaidi ya pauni milioni 800.

Kwa hiyo, wanangu, msione haya kuanzia kwenye makaratasi. Kila jioni andika kwenye daftari ungenunua nini, kwa nini, na ungeuza kwa bei gani. Mwisho wa mwezi jisahihishe.

Posho mara nyingi hakuna. Mimi nililala sebuleni kwa shangazi miezi mitatu. Asiye na shangazi mjini je? Bahasha zinazopita ni za nauli na pango la vijana hao. Yangu nimeshaitia.