Redio, Simu na Bei ya Mega

Mmesikia taarifa ya habari. Sasa ni uchambuzi. Wasikilizaji wa Buluo na Likasi nzima, leo tunazungumzia redio yenyewe.

Tangu sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 1996, redio za binafsi zimeongezeka Kongo, zikiishi kwa matangazo ya biashara na ya misiba. Leo mfanyabiashara anatangaza bidhaa zake Facebook na WhatsApp. Ndiyo maana redio nazo zinahamia huko: zinapokea sauti za wasikilizaji kwa simu na kurusha vipindi kwenye intaneti.

Kwanza, tuangalie faida. Mtoto wa Likasi aliye ng'ambo anasikia habari za kwao. Mama anayeuza unga sokoni anarekodi malalamiko yake, na mji mzima unamsikia.

Upande wa pili, mega za intaneti zinanunuliwa. Mnakumbuka RAM, kodi ya simu iliyoanza 2020: ilikata salio letu hadi kilio cha wananchi kikasikika, ikafutwa 2022. Redio ya FM haili mega. Betri zinatosha, hata umeme wa SNEL ukikatika.

Kwa maoni yetu, redio iingie kwenye simu, lakini isizime mnara. Basi tunawaachia swali: fedha za matangazo zikihamia zote kwenye intaneti, nani atalipia sauti inayomfikia yule asiye na simu ya kisasa?