Kura ya Jirani na Shilingi ya Nyumbani



Katika nyanda za juu za Kigoma, uchaguzi wa Burundi haujawa habari ya redioni tu. Rais Melchior Ndadaye alichaguliwa Juni, 1993, akauawa Oktoba mwaka huo huo, na umati wa watu ukavuka mpaka. Aprili, 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipoteuliwa kugombea kipindi cha tatu, ghasia zilizuka. Mwezi Mei kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kilifurika wakimbizi. Kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawasafirisha hadi Kigoma. Walipelekwa Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo ilipolemewa, Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba.

Hayo yanajulikana. Lisilozungumzwa sana ni mwendo wa fedha. Baada ya uchaguzi ule wafadhili waliizuilia Burundi misaada, fedha za kigeni zikaadimika, na bei ya faranga katika magendo ikaachana mbali na bei ya benki. Mchuuzi wa Mabamba au Manyovu aliyeweka faranga sandukuni alipata hasara. Lakini mwalimu wa Kasulu, anayelipwa kwa shilingi, hakuguswa na hasara hiyo. Mpaka wa fedha ulimkinga.

Je, kinga hiyo ikiondolewa? Tarehe 30 Novemba, 2013 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini mjini Kampala Itifaki ya Umoja wa Fedha. Sarafu moja ilikusudiwa kuanza mwaka 2024; mwaka huo umepita, na lengo limesogezwa hadi 2031. Itifaki inataka kila nchi izuie mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu.

Masharti haya yana maana kubwa wakati wa kura. Serikali inayotafuta ushindi hushawishika kukopa na kutumia kupita kiasi. Ikiwa na sarafu yake, gharama huwaangukia zaidi wananchi wake. Sarafu ikiwa ya wote, deni la mmoja huwa mzigo wa wote, na bei ya sukari Kibondo hupanda kwa ahadi zilizotolewa katika mji mkuu wa jirani.

Afrika Mashariki imekwisha kuonja jambo hili. Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919 ilivunjika kwa sababu kila taifa huru lilitaka kupanga uchumi wake. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi Juni, 1966.

Hata hivyo, kubaki na sarafu mbalimbali si dawa ya kila ugonjwa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba, 2007 zilifunga njia ya Mombasa, na petroli ikaadimika Uganda na Rwanda, ingawa kila nchi ilikuwa na fedha yake. Tanzania nayo haimo nje ya kanuni hii, kwani shehena ya Burundi hupita bandari ya Dar es Salaam.

Hivyo basi, umoja wa fedha hauna budi kutanguliwa na nidhamu ya bajeti na uchaguzi ambao walioshindwa wanaweza kuukubali. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na mkiwa na wembe mmoja, kwanza ulizeni nani anaushika.