Usiku Unaofuata Mwezi Mpevu
Mhadhara wa umma uliotolewa Sikonge, mkoani Tabora



Nimeombwa nizungumzie mwezi, na niuzungumzie hapa, katika nchi ambayo watu wa pwani waliiita Unyamwezi. Jina hilo liliwaotesha wageni. Richard Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857 pamoja na John Speke, alilifasiri kuwa Nchi ya Mwezi, na wasomaji wake wa Ulaya wakaikumbuka Milima ya Mwezi aliyoitaja Ptolemy katika karne ya 2. Wenyeji walijitambua zaidi kwa pande za dunia: wa kaskazini ni Wasukuma, wa kusini ni Wadakama, na Sikonge imo Dakama. Kuhusu jina lenyewe, maelezo ninayoyaamini ni haya: mtu wa pwani huuona mwezi mwandamo upande wa magharibi, kule bara, basi waliotoka huko wakawa watu wa upande wa mwezi.

Kama ni hivyo, tuliitwa kwa jina la mwezi mchanga. Siku hizi unaopigiwa ngoma ni mwezi mpevu, tena ule mkubwa ambao redio huutangaza kila mwaka. Jina lake la Kiingereza, supermoon, lilibuniwa mwaka 1979 na Richard Nolle, Mmarekani aliyekuwa mtabiri wa nyota. Jambo lenyewe ni la kweli. Njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili: safari nyingine hutukaribia hadi kama kilomita 356,500, nyingine huenda mbali zaidi ya kilomita 406,000. Ukipevuka ukiwa karibu, tunauona mpana zaidi. Mwezi wa tarehe 14 Novemba 2016 ulikaribia kuliko mwezi mpevu wowote tangu Januari 1948, na utakaoushinda ni ule wa Novemba 2034.

Lakini upana wa mwezi kama huo unauzidi ule wa mwezi mpevu ulio mbali kabisa kwa asilimia 14 tu. Ule ukubwa wa kutisha mnaouona unapochomoza nyuma ya miombo ni kazi ya macho yetu. Nyoosheni mkono, mupime kwa ncha ya kidole cha mwisho unapochomoza, kisha mupime tena saa sita usiku. Kipimo ni kile kile. Hata ule mwezi mwekundu wa 27 Julai 2018, uliopatwa kwa dakika 103 huku watu wakiwa nje wameduwaa, ulikuwa mbali kuliko miezi mipevu yote ya mwaka ule.

Kwa hiyo leo sitaki kushughulika na ukubwa. Nataka tuseme juu ya saa. Mwezi unachomoza saa ngapi?

Mpagazi wa zamani aliijua saa hiyo. Kabla ya kufika Unyanyembe, huku Tabora, msafara uliotoka Bagamoyo ulipaswa kuvuka Mgunda Mkali, pori la maji haba lililoanzia mpakani mwa Ugogo. Palipokosekana maji walifanya kile ambacho wasafiri wa karne ya 19 walikiandika tirikeza: kuondoka jua likishapinduka, kutembea mpaka giza, kulala na kiu, kisha kudamka ili wafike majini. Fikirini mtu mwenye mzigo begani katika safari hiyo. Mbalamwezi ilimwonyesha mizizi njiani na mgongo wa mwenzake aliye mbele. Mrina asali wa misitu yetu hutaka kinyume chake. Yeye hupanda kwenye mzinga gizani, kwa sababu nyuki gizani hutambaa badala ya kuruka.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Mwaka 2011 Craig Packer na wenzake, akiwamo Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha uchunguzi wa mashambulizi ya simba dhidi ya wanavijiji nchini mwetu kati ya 1988 na 2009. Watu walioshambuliwa walizidi 1,000, wengi wao kusini mashariki. Mengi yalitokea saa za mwanzo za usiku. Walipoyapanga kwa umri wa mwezi, waliona yanaongezeka mara tu baada ya mwezi kupevuka. Kabla ya kupevuka, jua linapozama mwezi uko juu tayari. Baada ya kupevuka, unachelewa kwa kama dakika 50 kila usiku, na giza linarudi saa ile ile watu bado wako njiani au shambani wakilinda mazao. Naye simba, ambaye mwanga humharibia mawindo, anatoka na njaa.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka bibi yangu. Mwezi ukikua alituacha tucheze uwanjani. Ukianza kuchelewa alituita mapema, wala hakutaka kubishana. Tulidhani ni ukali wa uzee. Waandishi wale wanasema mwezi mpevu ni ishara ya kuaminika kwamba hatari inakaribia, na mimi nasema bibi alikuwa na elimu hiyo, ila hakuwa na jarida la kuichapisha.

Sitetei kila kinachosemwa juu ya mwezi. Imani kwamba kifafa huletwa na mwezi ni ya kale. Hata katika Mathayo 17, Kiyunani cha neno tunalolisoma kama kifafa kimetokana na jina la mwezi. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kina dawa, na mtoto anayefichwa ndani kungoja mwezi upite ananyimwa dawa hiyo. Hili linaniuma. Ukiwa naye nyumbani, mpeleke hospitali kesho.

Jana mwezi ulipevuka. Leo jua limeshazama tukiwa tumekaa hapa, na nje ni giza. Wenye baiskeli mnaorudi Tutuo na Chabutwa, msiondoke kwanza. Wenyeji wetu wameandaa chai. Utachomoza yapata saa mbili kasoro robo.