Mikate ya Mahindi na Chapati za Maji

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya mikate ya mahindi, ile ipikwayo asubuhi juu ya kikaango. Hapa Nyangamara wako watoto wa shule waifichao, wakiona haya kwa kuwa wenzao wamekuja na chapati za maji za unga wa ngano. Je, haya hiyo ina sababu? Na tuvipime vyakula hivi viwili.

Ngano ina kitu chenye kunata kama ulimbo, nacho huishika chapati isikatike igeuzwapo. Mahindi hayana kitu hicho. Ndiyo maana mkate wake huvunjika mkononi mwa mpishi asiyejua. Walakini dawa yake ni rahisi. Mimina maji yanayochemka juu ya unga, ukoroge, nao utashikana mfano wa ugali. Kisha tia tui la nazi na chumvi, uumbe mkate wa unene wa kidole, uupike kwa moto mdogo pande zote mbili. Yai litiwalo katika chapati lina faida kubwa mwilini. Basi laweza kutiwa katika mkate huu vilevile.

Tena msidhani kwamba mmoja ni wa kishamba na mwingine wa kistaarabu. Mahindi nayo ni mgeni: asili yake ni bara la Amerika, yakafika kwetu baada ya Wareno, walioifikia pwani hii mwaka wa 1498. Kabla yake wazee walikula mtama. Tofauti ni hii: ngano haistawi katika joto letu, sharti inunuliwe, mahindi hutoka shambani mwetu.

Lakini mkate wa mahindi una adui wa kweli, naye si chapati, ni kuvu. Mahindi yakitiwa ghalani kabla hayajakauka huota kuvu wenye sumu, iitwayo sumukuvu. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 katika Kenya. Moto wa kikaango hauiondoi. Basi anikeni mahindi juu ya jamvi, si juu ya udongo, mpaka yakauke kabisa. Punje zilizoota kuvu zitupeni, wala msiwape kuku.

Mama aliyefanya hayo amempa mwanawe chakula chema. Mtoto na aule mkate wake mbele ya wenzake, akawamegee.