Injini Isiyozimwa: Mkono wa Kibarua katika Ujenzi wa Barabara



Nimeombwa kuzungumzia usalama katika ujenzi wa barabara. Jioni hii nitabaki kwenye mkono, kwa sababu asiye na cheti wala mtaji hana kingine cha kuja nacho kazini. Iwe barabara ya taifa RN3 ya hapa Burundi, inayofuata Ziwa Tanganyika kwenda Rumonge, au njia za mawe mitaani kwetu, mikono hiyo ndiyo iliyozijenga.

Ukiwasikiliza waliopoteza vidole, mara nyingi mashine haikuwa ikifanya kazi yake ya kawaida. Ilikuwa ikisafishwa, ikinasuliwa au ikipakwa grisi, na injini ilikuwa bado inanguruma.

Chukueni mashine ya kuchanganya zege. Pipa lake limezungukwa na meno ya chuma, na gia ndogo inayoyasukuma imejificha chini ya kifuniko. Kifuniko hicho hufunguliwa siku ya matengenezo kisha hakirudi: bolti imepotea, au fundi anaona kinamchelewesha. Jioni zege linaanza kuganda, na kibarua anaambiwa asugue pipa kwa kitambaa likiwa linazunguka. Kwa nini wasizime? Kwa sababu injini ile ya dizeli huwashwa kwa hendeli, nayo ni ngumu kuwaka, na aliyehangaika nayo asubuhi hataki kuhangaika tena. Kitambaa hicho kinanaswa kwenye meno, na vidole vinakifuata.

Kwenye mashine ya kusaga kokoto hali ni mbaya zaidi. Tuseme mkanda unaobeba kokoto juu ya rola unakwenda mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Mwanadamu huhitaji kama robo sekunde kutambua hatari na kuanza kuvuta mkono. Katika robo hiyo mkanda umeshasogea sentimita 37, yaani rola imeshaumeza mkono hadi karibu na kiwiko. Hapo kuwa mwangalifu hakumwokoi mtu. Glavu nazo, ambazo wengi hudhani ndizo jibu, karibu na kitu kinachozunguka huongeza hatari: kidole kitupu kinaweza kuponyoka, glavu hunaswa na kuuvuta mkono mzima.

Kwa hiyo nasikitika kila ninaposikia ajali ya namna hii ikiitwa uzembe wa mfanyakazi. Mkataba namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, haukuanza na mfanyakazi. Ulianza na anayeuza na anayekodisha: mashine yenye sehemu hatari zisizo na kinga isiuzwe wala isikodishwe. Ukaongeza kwamba mfanyakazi asilazimishwe kuitumia bila kinga. Waliouandika walijua wajibu unaanzia wapi.

Kidole gumba peke yake hukadiriwa kubeba karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono. Asiye nacho hashiki sepetu, hakazi nati, na kufunga vifungo vya shati kunampa taabu. Hapa Burundi ajali za kazini ziko chini ya INSS, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, na mchango wa tawi hilo hulipwa na mwajiri. Lakini kibarua wa kutwa, aliyechukuliwa alfajiri kando ya barabara na kulipwa jioni mkononi, jina lake halijaandikwa popote. Akiumia saa nne asubuhi, saa sita nafasi yake imeshapata mtu mwingine. Huyu ndiye ninayemtetea, na ninataka aandikishwe kabla hajagusa sepetu.

Mhandisi atasema gharama zitapanda. Lakini kifuniko ni bamba la chuma na bolti nne tu, na hutengenezwa na fundi yeyote wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwa muda mfupi; baadhi ya mafundi hao wameketi hapa mbele yangu. Kinachokosekana ni anayelidai bamba hilo. Basi wenye kutoa zabuni za barabara na wadai haya: msimamizi aikague kila mashine kabla haijatoka yadi, swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo aliyenaswa anaifikia, na mashine iliyokutwa kazini bila kifuniko isilipiwe hata saa moja ya siku hiyo.